Kinyume cha Laiti

"Ishike," Lindsay Pohlner aliniambia kabla hata ya salamu. "Ishike kwanza, Wanda, uone ilivyo nyepesi."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwangu, buti kaziacha barazani, keki ya matunda ameibeba kwa vidole vitatu. Mtu mwenye akili timamu habebi keki ya matunda kwa vidole vitatu. Keki ya matunda ya kweli hubebwa kwa mikono miwili, na goti likae tayari kusaidia. Nikaipokea. Haikuwa na uzito wowote, na zabibu zake zote zilikuwa zimezama na kujazana kwenye kitako.

"Nimeipima kwenye mizani ya chakula cha farasi," alisema. "Mshale haukutikisika."

Alisema hivyo kwa fahari kabisa, kifua mbele, na unga kwenye nyusi. Sikuwa na moyo wa kumcheka siku hiyo. Moyo huo niliupata baadaye, na laiti nisingeupata.

Jina langu ni Mwanahawa binti Shekue, wa Tanga. Hapa Warrabeen, mji mdogo wa wazungu wakulima wa ngano, walijaribu kulitamka kwa siku mbili, siku ya tatu wakachoka, nikawa Wanda. Nimekuwa Wanda miaka ishirini na sita sasa, na kila mwezi wa kumi, kwenye maonyesho ya wakulima, Wanda hushinda kundi la mashindano ya keki ya matunda nyeusi. Siri yangu ni sukari guru, tende, na matunda yaliyolala siku tatu kwenye chai ya rangi yenye iliki na karafuu. Wenzangu hulaza ya kwao kwenye brandi. Majaji huila yangu, hufumba macho na kuandika kwamba brandi yake ni ya hali ya juu, nami sijawahi kumsahihisha mtu.

Kundi la pili, la keki ya matunda laiti, lilikuwa la Merle, mke wa Lindsay. Alilishinda mara kumi na tisa mfululizo. Mwezi wa tatu, akiwa hospitalini na akijua harudi, alimwambia mumewe kuwa kinachomkera ni kuondoka akiiacha hesabu kwenye kumi na tisa, namba mbovu kama kiti cha miguu mitatu. Lindsay, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuchemsha yai, akamwahidi kwamba ya ishirini ataileta yeye. Merle akacheka hadi nesi akaja kuangalia kuna nini. Siku tatu baadaye tukamzika.

Sasa, chanzo cha matatizo yote ni hilo neno. Ni neno moja tu la Kiingereza, ambalo sikio langu limelisikia kama laiti tangu siku ya kwanza. Nilipofika hapa, bibi harusi wa Ross wangu fundi wa mashine za kuvunia, nilidhani nimeolewa kwenye mji wa watu wenye majuto. Mwanamume anaegemea kaunta ya klabu ya kriketi anasema "laiti", nami namwonea huruma, kumbe anaagiza bia isiyo kali. Mama mkwe anaingia chumbani anasema "laiti", nangoja aseme laiti nini, kumbe anataka taa. Mvua ya mwaka ule ilikuwa laiti. Farasi wa kupanda ni laiti, nywele za dada wa posta ni laiti, usingizi wa mkwe wangu ni laiti. Majuto matupu, kutoka kanisani hadi kwenye maghala ya ngano.

Merle ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anaishi ng'ambo ya ua wa farasi, na kila asubuhi alikuja kunifundisha lugha kwa mchezo wake wa vinyume. Yeye anataja neno, mimi nataja kinyume chake.

"Kinyume cha laiti?"

"Nzito," nikajibu upesi.

"Safi kabisa."

Kesho yake akaja tena. "Kinyume cha laiti?"

"Nzito."

"Umekosa. Leo tunazungumzia nywele. Nyeusi."

Keshokutwa ikawa giza, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tunazungumzia chumba. Siku ya nne nikamwambia, kwa Kiswahili cha Tanga kisichochujwa, kwamba yeye na lugha yake wote hawana adabu. Hakuelewa hata neno moja. Akaniangalia nilivyofura, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikakaa naye. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Basi turudi kwa Lindsay na keki yake isiyo na uzito. Nilipomkaribisha kiti alitoa kadi mfukoni, kadi ya mapishi ya Merle, imelowa siagi pembeni. Kwa mtu ambaye hajui kupika, kadi ile ilikuwa haina faida. Ilisema: matunda kama kawaida, siagi ya kutosha, mayai, unga, oveni ya polepole. Juu kabisa kulikuwa na neno Laiti, limepigiwa mstari mara mbili. Chini yake, kwa mwandiko uleule, palikuwa na maneno mawili.

Kinyume: Wanda.

"Hapo ndipo nilipoelewa," alisema Lindsay. Yeye hufuga wale farasi wakubwa wa kukokota mikokoteni, na kwa watu wa farasi neno laiti lina kinyume kimoja tu duniani. Kuna farasi laiti na kuna farasi wazito, basi. "Ya kwako ni nzito, sivyo? Ya Merle ilikuwa nyepesi. Kwa hiyo nikijua ya kwako ina kilo ngapi, nami nikafanya kinyume, nimefika."

Nilimwangalia. Nikaiangalia kadi. Mimi nilijua vizuri kwamba kundi lile laiti yake ni ya rangi: keki ya matunda nyeupe, ya zabibu za njano na lozi na cheri, wala uzito hauhusiki. Keki ile ikikatwa lazima iwe ya rangi ya siagi ndani. Ningeweza kumwambia pale pale, kwa sentensi moja, huku maji ya chai yakichemka.

Lakini lile neno liliniingia vibaya. Merle hakuandika kinyume cha keki ya Wanda. Aliandika Wanda. Na mchezo ule niliucheza mwenyewe, najua vinyume vyote. Kinyume cha laiti ni mzito: ni kweli nimenenepa, lakini rafiki anakuandika kwenye kadi ya siagi? Kinyume cha laiti ni mweusi: ah, kumbe miaka yote hiyo, Merle. Kinyume cha laiti ni giza. Nikavipitia vyote vitatu nikiwa nimeshika birika, na kila kimoja kiliniuma mahali pake.

"Kwa hiyo unaonaje?" Lindsay aliuliza. "Niendelee kuipunguza uzito?"

"Ipunguze," nikasema.

"Zaidi ya hivi?"

"Zaidi."

Nikampa chai. Akanywa, akashukuru, akaondoka na keki yake kwa vidole vitatu. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nimeisema.

Wiki tatu zilizofuata, Warrabeen haikuwa na mazungumzo mengine. Lindsay alioka kila siku. Alipiga ute wa mayai kwa mashine ya Ross ya kutobolea vyuma, aliyoifungia mchapo wa kupigia mayai mbele, ukuta mzima ukawa mweupe. Keki moja iliumuka ikagonga dari ya oveni na kukwama huko, akaitoa kwa koleo la kukatia kwato za farasi. Nyingine aliiweka barazani ipoe, upepo wa kaskazini ukaichukua, ikakutwa kwenye waya wa uzio wa jirani.

"Jana kampa Duchess kipande," Ross aliniambia huku akifuta machozi ya kicheko. Duchess ni farasi jike wa Lindsay, mnyama wa karibu tani moja. "Kakitia mdomoni, kakaa anamwangalia Lindsay. Anangoja apewe keki."

Nilicheka, tena kwa sauti. Na kila nilipocheka nilijisikia vizuri kwa dakika moja na vibaya kwa saa nzima, maana keki zote hizo, pamoja na wepesi wao, alikuwa anazioka kwa zabibu nyeusi na sukari ya kahawia. Zilikuwa nyepesi na nyeusi. Hakuna jaji duniani aliyewahi kuomba kitu kama hicho. Zingewekewa ile kadi ya manjano isemayo Haiendani na Ratiba, yaani haikufuata masharti ya kundi, mbele ya mji mzima, chini ya jina la Pohlner. Nilimwambia Ross habari ya ile kadi, na kwamba sina la kufanya. Ross akaniuliza ni kitu gani Merle alinikosea. Nikamwambia anyamaze ale.

Alhamisi saa nane mchana, keki zikitakiwa ukumbini kesho yake saa nne asubuhi, Lindsay alikuja tena. Safari hii hakuwa na keki. Alikuwa na kadi tu.

"Nisomee huku nyuma," alisema. "Kuna maandishi ya penseli, yamefifia, na miwani yangu imeingia kwenye mchanganyiko wa asubuhi. Labda ndiyo siri yenyewe."

Sikuwa nimewahi kuigeuza ile kadi. Nikaipeleka dirishani. Ilikuwa ni orodha.

Mwaka wa kwanza, nyeusi: mimi wa pili, Wanda wa kwanza. Mwaka wa pili, nyeusi: wa pili, Wanda. Wa tatu: wa pili, Wanda tena, jamani. Wa nne: wa pili. Wa tano: wa pili, na yangu ilikuwa na brandi chupa nzima. Halafu mstari, na chini ya mstari: Basi. Nyeusi ni ya Wanda. Mimi nahamia kinyume. Asijue.

Nikakumbuka. Miaka yangu ya mwanzo sote wawili tulikuwa tunaingia kundi moja. Merle ndiye aliyenijazia fomu kwa mkono wake, akaniambia tujaribu tu. Alipohamia ile nyingine, nilidhani ameona nyeusi ni ya watu wa chini. Nililiweka jambo hilo moyoni, dogo, na nikaliacha humo miaka kumi na tisa.

"Imesemaje?" aliuliza Lindsay.

"Imesema mimi ni mjinga," nikasema, nikaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo nawashauri watu wenye pumu wasilijaribu.

Nikamsomea yote. Kisha nikamwambia na lile jingine, sikulipamba. "Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Keki inatakiwa iwe nyeupe, Lindsay. Uzito hauhusiki. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu nilidhani Merle amenitukana."

Akajikuna shingo.

"Nilijua umenuna," alisema hatimaye. "Merle aliniambia zamani, Wanda akinuna hutoa chai bila biskuti." Akafikiri tena. "Nyeupe?"

"Nyeupe."

"Sasa kwa nini wasiandike nyeupe?"

"Muulize mwenye lugha, mimi nimeikuta."

"Na ile nyeusi nilidhani ni ya chokoleti," alisema, sauti ikipanda. "Wiki tatu, Wanda. Mayai mia na arobaini. Nimempa farasi keki akanidharau."

Hapo sote wawili tukashindwa. Alishika ukingo wa meza, mimi nikashika mlango wa friji, tukacheka kama watu walioibiwa akili, na kila mmoja akitaka kunyamaza mwenzake anasema "Duchess" na mambo yanaanza upya. Saa ya ukutani ndiyo iliyotuamsha. Ilikuwa saa tisa kasoro robo, na keki ya matunda inataka saa tatu za oveni.

Sheria za maonyesho ni kali: keki itengenezwe kwa mikono ya mwenye kuishindanisha, na mwingine asiiguse. Kwa hiyo nilikwenda jikoni kwa Merle nikakalia mikono yangu. Nasema kweli, niliikalia, maana nilijua nikiiacha huru itamnyang'anya mwiko. Lindsay alisimama mezani na aproni ya marehemu, yenye maua, mimi nikatoa amri.

"Zabibu zipi hizo?"

"Za kawaida."

"Nyeusi hizo. Kinyume chake."

Akatoa za njano.

"Sukari?"

"Hii ya kahawia."

"Kinyume."

"Nipige ute wa mayai utoke povu?"

"Ukipiga povu nakwenda nyumbani. Kinyume. Koroga polepole, kama unamsugua farasi mgonjwa."

Hilo alilielewa. Mikono ile mikubwa ikatulia, mwiko ukazunguka bila haraka, na mchanganyiko ukaanza kung'aa, wa njano, mzito kiasi cha kushika mwiko usimame. Aliuangalia kwa mashaka.

"Mbona mzito? Hii si laiti."

"Ni laiti na ni nzito."

"Haiwezekani, hivyo ni vinyume."

"Leo tunazungumzia rangi," nikamwambia, na nikaisikia sauti ya Merle mle ndani wazi kabisa, ikitoka kinywani mwangu.

Keki ilipotoka haikuwa nzuri sana. Ilikuwa imepasuka juu kidogo, na upande mmoja ulikuwa umezidi mwenzake. Lakini ilikuwa keki ya matunda. Lindsay alijaribu kuinyanyua kwa vidole vitatu, kwa mazoea, ikamshinda, akaibeba kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Kesho yake mchana ukumbi ulijaa. Jaji alikuwa Bi Valda Heinrich kutoka mji wa jirani, mwanamke mwembamba mwenye kisu chake mwenyewe. Keki zilikuwa sita. Alizikata moja moja, akazinusa, akazibonyeza kwa kidole, akavunja kipande na kukila akiangalia dari. Alipofika kwa Lindsay na kisu kikapita, ndani ilikuwa ya rangi ya siagi, na zabibu zimetawanyika kila mahali kama inavyotakiwa. Lindsay alinishika mkono akanibana hadi pete ikaniingia. Bi Valda akala. Akarudi kwa keki ya kwanza, ya mfamasia. Akala tena. Akarudi kwa Lindsay. Alikwenda na kurudi mara nne.

Kadi ya buluu aliiweka kwa mfamasia. Nyekundu, ya mshindi wa pili, akaiweka kwa Lindsay. Tofauti ilikuwa alama moja. Chini aliandika maoni kwa mwandiko mzuri: Rangi safi. Ladha safi. Nzito kidogo. Akipata wiki chache za mazoezi, atafika mbali.

Lindsay alisoma, akasoma tena, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. "Nzito," alisema, hawezi hata kupumua. "Wanda, kaniambia nzito." Alitoa kadi ya Merle mfukoni, akaazima penseli kwa Bi Valda, na chini ya orodha ya mkewe akaandika: Lindsay, nyeupe: wa pili. Akaiangalia akaridhika. "Na yeye alianza hivihivi," alisema. "Kumi na tisa ni zake. Hii ni yangu."

Watu walimzunguka wakampiga mgongoni. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nasoma ule mstari wa mwisho wa jaji, wiki chache za mazoezi, huku nikihesabu. Alikuwa nazo wiki tatu. Nilimnyima mimi, birika mkononi, kwa sababu ya maneno mawili ambayo sikuuliza maana yake. Alama moja tu, na ahadi ya mtu kwa mkewe ingetimia.

"Laiti," nikasema. Lilinitoka kwa lugha yangu, kwa sauti ndogo. "Laiti, Lindsay. Laiti."

Akanigeukia na uso wake wote uking'aa, unga bado kwenye nyusi.

"Ndiyo, Wanda," alisema. "Laiti. Kundi hilohilo, na mwakani tunaanza mapema."